Tiketi Mbili za Kapteni

Mdogo wangu hajawahi kuendesha ndege. Hata gari lake mwenyewe hulikwaruza ukutani kila akilirudisha nyuma. Lakini mtaa mzima unamwita Kapteni, na ukimuuliza fundi viatu wa pale kona nyumba ya Kapteni ni ipi, atakuonyesha kwa kidole bila hata kuinua kichwa. Jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake. Kaa naye dakika tano tu, keshakurusha angani: ndege gani ina viti vya kubana magoti, uwanja gani una sehemu ya kulala bila kufukuzwa, kampuni gani ukisafiri nayo mara kadhaa inakupa safari ya bure. Watu humuaga mapema.

Kazi yake ni ufundi wa mashine za eksirei. Kampuni yake ina mikataba na hospitali za nchi nne au tano, na mashine ikifa huko, yeye ndiye anayefunga bisibisi zake kwenye mkoba na kwenda. Mwaka wa kumi na nne huu. Kwa kila safari alipewa pointi, na pointi hizo zilikuwa zake, si za bosi. Alikuwa na kadi mbili za kampuni mbili za ndege ambazo hazipeani hata salamu, na kadi zote mbili alizitunza ndani ya pochi, pale ambapo wenzake huweka picha za watoto.

Nilikuwa nikimcheka, tena mbele za watu. Mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Siku moja akachoka, akanijibu.

"Dada, baba anazikwa mimi nimelala chini ya mashine ya watu. Mwanangu anazaliwa mimi niko uwanja wa ndege nangoja mvua ipungue. Kila pointi hapa ni siku ambayo sikuwepo nyumbani. Sasa unataka nizitupe?"



Sasa nieleze habari ya mama, maana bila hiyo hutanielewa. Mama yangu na dada yake, yaani mama mkubwa, walinuniana miaka kumi na moja kwa ajili ya cherehani. Ndiyo, cherehani. Ile ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu na sanduku lake la mbao. Ilikuwa ya bibi. Bibi alipofariki, mama mkubwa alikuwa ughaibuni kwa binti yake, na mama akaibeba kuileta kwake bila kumuuliza mtu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemuuguza bibi mpaka mwisho. Mama mkubwa alipiga simu akasema, "Hukuniuliza." Mama akajibu, "Na wewe ulikuwa wapi?" Basi, simu ikakatwa, ikabaki imekatwa miaka kumi na moja. Salamu zilipitia kwetu watoto, na nyingine tulizitunga wenyewe ili ziwe tamu kidogo.

Halafu binti wa mama mkubwa akanipigia, siku ya Jumanne, niko kwenye duka langu la ushonaji, nabandika zipu ya sketi. Alikuwa analia. Mama mkubwa alikuwa mgonjwa tangu zamani, ila sasa daktari amesema ni suala la siku, labda wiki mbili. Na amesema anamtaka mdogo wake.

"Nimpe mama aongee naye kwenye simu?" nikauliza.

"Amekataa simu. Anasema simu ndiyo iliyowaharibia. Anataka amwone. Dada, mwambie mama mdogo afanye haraka, maneno yenyewe yanaanza kumpotea."

Nilimfikishia mama ujumbe. Aliinuka, akatoa sanduku la nguo chini ya kitanda, akaanza kukunja. Alikuwa na miaka sabini na moja na hajawahi kupanda ndege. Paspoti alikuwa nayo kwa sababu Kapteni alimkatia zamani, kwa majigambo tu, na viza ya kwenda kwa mama mkubwa tuliihangaikia tukaipata siku ya nane. Siku nane! Nilikuwa nikilala roho iko juu.

Tukakutana sebuleni kwa mama: mimi, Kapteni, na mjomba, kaka yao mama, karani mstaafu wa posta ambaye mpaka leo anaongea kana kwamba kuna foleni mbele yake. Mimi na mjomba tulishakubaliana tuchange, tununue tiketi moja ya mpaka mwisho wa safari. Kapteni akakataa katakata.

"Mama hatasafiri kwa mchango nikiwa hai. Pointi zangu zinatosha. Kadi hii inamfikisha kituo cha kati, kadi ile inamtoa kituo cha kati mpaka kwa mama mkubwa."

"Yaani tiketi mbili," nikasema.

"Mbili. Kuna tofauti ndogo tu."

Tofauti ndogo! Akatueleza. Ukiwa na tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni inakubeba wewe na shida yako, inakutafutia ndege nyingine. Begi lako nalo wanalihamisha wenyewe, hulioni mpaka ufike. Ukiwa na tiketi mbili, kila kampuni inajua kipande chake. Ukichelewa kwa wa pili, yeye anaandika kwamba abiria hakutokea, na mambo yameisha.

"Kwa hiyo, mjomba," mjomba akasema, maana wao huitana hivyo, "unamkatia mama yako tiketi ya mtu asiyetokea?"

Tukacheka wote, hata mama. Kapteni hakucheka. Alitoa karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa kama za kwenye ukuta wa darasa, akamsomea mama. Kati ya ndege na ndege kuna saa tatu. Pasi ya kupandia ndege ya pili nimeshakuchapia, hii hapa. Ukishuka, fuata mshale wa watu wanaobadilisha ndege, usifuate wanaotoka nje. Na juu ya yote, kwa wino mwekundu: BEGI LA MKONONI TU.

"Hapo nisikilizeni vizuri," akasema. "Begi likipokelewa kaunta huku, litaishia kule katikati, nje, upande wa wenye viza ya nchi ile. Mama hana viza hiyo. Hawezi kulifuata. Kwa hiyo begi ni la mkononi. Sweta, dawa, nguo za kubadilisha. Basi."

"Nimesikia," mama akasema.

Na mimi nilisikia. Hilo naliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilisikia kila neno.

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa namsaidia mama kupanga nguo. Macho yangu yakaangukia lile sanduku la mbao pembeni ya kabati. Nikasema, "Mama, unakwenda kwa dada yako mikono mitupu?"

Akaelewa mara moja. Akakaa kitandani.

"Kapteni amesema begi moja."

"Kapteni ni kapteni wa pointi zake. Miaka kumi na moja, mama. Utaingia mlangoni useme nini? Utaongea nini na mtu ambaye maneno yanampotea? Akiiona hiyo cherehani hutahitaji kusema neno."

Mama akalitazama sanduku, akaanza kulia kwa sauti ndogo, akasema, "Ningeshampelekea siku nyingi. Nilikuwa nangoja aniombe." Wazo lilikuwa langu. Nililiona zuri mno, nikajivunia. Tukaifunga cherehani kwa mashuka mawili, tukaisukumia ndani ya begi langu kubwa la vitambaa, tukaficha nyuma ya mlango kama wezi.

Asubuhi Kapteni akaja kumchukua mama. Alikuwa amevaa shati la harusi. Hatujafika hata kwenye gari, simu yake ikalia: hospitali kuu, mashine imezima, kuna majeruhi wa ajali wanasubiri. Nilimwona uso ukimshuka. Akamshika mama mikono yote miwili akambusu, kisha akanigeukia.

"Dada, nakukabidhi mama. Begi la mkononi tu."

"Ondoa shaka," nikasema.

Alipokata kona tu, nikaingia ndani kulichukua lile begi, nikaita teksi.

Kaunta ya uwanja wa ndege palikuwa na foleni ya kufa mtu. Binti wa kaunta alilipima begi: kilo kumi na mbili, haliruhusiwi kuingia ndani ya ndege. Akalifunga lebo. "Tiketi zenu ni mbili," akasema, "mfumo hauniruhusu kulipeleka mbele. Litaishia kituo cha kati, mama atalichukua pale alipeleke mwenyewe kwa kampuni ya pili." Hakuuliza kama mama ana viza ya kule. Macho yake yalikuwa tayari kwa mtu wa nyuma yetu. Mama akanitazama. Nikajua anachoniuliza, na nikajua jibu, maana lilikuwa kwenye karatasi kwa wino mwekundu. Nikamwambia, "Usijali, ukifika utawaeleza, watu ni watu." Begi likaenda na mkanda. Mama akaenda, amekumbatia sweta yake, akageuka mara mbili kunipungia.

Nikarudi dukani. Nilikuwa na sare za shule ishirini na mbili za kukunja pindo, na sikukunja hata moja.

Saa kumi kasoro Kapteni akapiga simu kutoka hospitali. Alikuwa akiifuata ndege kwenye simu yake tangu asubuhi. "Imechelewa dakika hamsini, ndiyo inatua sasa," akasema, "lakini bado tunapumua. Zimebaki saa mbili na ushee. Hana begi, anakwenda moja kwa moja. Nimepiga hesabu ya hatua zake, dada, hata na yale magoti atafika."

Hapo ndipo ningesema. Angekuwa na saa mbili za kupiga simu, anawajua watu, anazijua kaunta zote zile. Nikamwambia, "Sawa, Kapteni." Nilimwogopa. Mimi, ambaye namfokea mpaka mjomba, nilimwogopa mdogo wangu kwa sababu alikuwa na haki.

Saa kumi na nusu mama akanipigia. Mimi, si Kapteni.

"Wamenizuia mlangoni, mwanangu. Wanasema bila viza sitoki. Na mashine iko huko nje, naiona kabisa kupitia kioo, inazunguka kwenye mkanda peke yake."

"Umewaeleza?"

"Nimewaeleza. Kuna kijana mmoja anasema niende tu kwenye ndege, watafanya utaratibu wa kuituma baadaye. Baadaye lini? Na wataituma kwa nani? Mimi siwaamini hawa."

Sasa sikiliza nilivyojibu, kwa sababu hakuna mwingine aliyesikia ila mama na mimi. Ningesema, "Iache, mama, nenda." Maneno matatu tu. Badala yake nikasema, "Usikubali haraka hivyo. Mwambie amwite mkubwa wake. Ukiondoka ndiyo imepotea hiyo."

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa alikuwa kwenye kikao. Mama akangoja amesimama, kwa adabu zake zote, hakutaka hata kukaa wasije wakamwona mzembe. Mimi niko kwenye laini naye, naambiwa kila baada ya dakika chache, "Bado." Kapteni alikuwa akipiga kwa mama, anakuta inatumika. Akipiga kwangu, inatumika. Niliona jina lake likitokea kwenye kioo cha simu yangu, mara tatu, mara nne, na nikaliacha litokee.

Mkubwa akaja saa kumi na moja na dakika kumi. Mama anasema alikuwa mtu mwema, alimwita mama. Akarudia yaleyale: begi litafuata, wewe nenda, ndege inafunga. Hapo ndipo nikapiga kelele, "Iache, mama! Kimbia!" Wateja wangu wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi walisimama kwa mshtuko.

Kukimbia! Mtu wa miaka sabini na moja, magoti yale, uwanja ambao kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni safari nyingine. Alifika getini saa kumi na moja na dakika hamsini. Ndege ilikuwa bado ipo pale nje, anaiona, ila mlango ulishafungwa dakika kumi nyuma. Binti wa getini alimwambia kwa upole kwamba yeye ameshaandikwa hakutokea, na tiketi ya kurudi nayo imekwenda na maji, kwa sababu ilikuwa imeshonwa pamoja na hiyo.

Kapteni alihangaika kama mtu anayezima moto. Nafasi za pointi hazikuwepo mpaka baada ya siku nne. Akaachana na pointi, akanunua tiketi ya kawaida, ya kesho yake mchana. Mama akalala kwenye viti vya ukumbi, sweta ndiyo mto.

Mama mkubwa alifariki saa moja asubuhi.

Binti yake ndiye aliyenipigia. Alisema mama yake alikuwa macho karibu usiku kucha, na kila mlango ulipofunguka aliuliza kama ni mdogo wake. Nesi akiingia, anauliza. Mtu wa chai akiingia, anauliza. "Tulimwambia yuko njiani," akasema. "Si yuko njiani, dada?"

Kapteni alimpigia mama akamwambia aendelee tu na ile tiketi ya mchana, walau awahi maziko. Mama akamjibu, "Sasa nikamwone nani? Nirudishe nyumbani." Akamrudisha.

Nilimpokea mimi. Begi la cherehani halikurudi naye. Tulipofika jikoni, akakaa kwenye kigoda bado amevaa viatu, akasema, "Mdogo wako ameniuliza kilichotokea. Nimemwambia ndege ilichelewa. Na wewe umwambie hivyo hivyo. Mimi nimenuniana na ndugu yangu kwa ajili ya hiyo mashine mpaka kaburini. Sitaki ninyi muanze." Nikaitikia. Nitakuwa mkweli: sikuitikia kwa ajili ya amani. Niliitikia kwa sababu ilinifaa.

Msiba tuliuweka nyumbani kwa mama, watu wakajaa sebule mpaka barazani. Mjomba hakumngoja hata Kapteni akae. Alimvaa palepale mlangoni, mbele ya wakwe na majirani. "Kwa ajili ya vya bure! Watu wanataka kuchanga, wewe unakataa ili uonekane! Dada yangu amekufa anatazama mlango kwa sababu ya majigambo yako!" Kila mtu akapata la kusema. Shangazi wa upande wa baba, ambaye hajawahi kuuona uwanja wa ndege hata kwa mbali, akasema yeye tangu mwanzo alijua tiketi mbili ni nuksi.

Na mimi nikasema. Hakuna aliyeniuliza. Ningeweza kukaa kimya, na kimya kingekuwa dhambi ya kutosha. Lakini nilisimama na kile kimdomo changu nikasema, "Ulimsafirisha mama kama kifurushi, halafu ukaenda zako kazini." Watu wakaguna, wakaona nimesema kweli. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, shuka limemfunika mpaka kwenye nyusi. Aliinua macho akanitazama, kisha akayashusha. Kapteni alisimama pale kama mtoto aliyevunja kitu cha watu, akasikiliza wote mpaka mwisho.

Wiki mbili baadaye alikuja dukani kwangu, mchana. Alikaa kwenye benchi la wateja, amekonda, shati linamning'inia. Nilikuwa nabana pindo la suruali, pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kutosema.

"Nimerudia ile hesabu kila siku, dada," akasema. "Dakika hamsini za kuchelewa nilizitegemea. Kutembea nilikutegemea. Kitu kimoja kinanishinda: alikuwa na muda. Bado alikuwa na muda. Basi itakuwa alipotea njia, akawa anakuuliza wewe kwa simu, na ananificha asinionyeshe kwamba ile karatasi niliiandika vibaya."

Niliendelea kubana pini.

"Ningemkatia tiketi moja tu. Nilitaka nami siku moja niwe nimemfanyia kitu. Nimemnyima mama dada yake. Mama nimeshamwomba radhi, mjomba nimeshamwomba. Umebaki wewe, maana nilikukabidhi, ukafanya sehemu yako, mimi yangu ikanishinda. Nisamehe, dada."

Nilitoa pini mdomoni, moja moja, nikazichomeka kwenye kimto cha pini. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema. Nikamtazama mdogo wangu machoni, nikamwambia, "Nimekusamehe."

Akanishukuru.